Kutafuta Kosa: Hotuba juu ya Kazi ya Kila Siku ya Mtunga Programu



Kamati ya Chama chetu ilipoandaa hafla hii ya ukumbusho ilinitaka niseme machache juu ya kazi inayonipa riziki, nayo ni kutunga programu za kompyuta. Nimeitikia kwa furaha, ingawa najua fika kwamba wengi wenu mmekuja kumsikiliza Sheikh atakayezungumza baada yangu. Nitajitahidi nisimchelewesha.

Watu hudhani kwamba mtunga programu hushinda kutwa akibuni mambo mapya. Sivyo. Sehemu kubwa ya siku yake huipitisha akiuliza kwa nini jambo lililokwenda vema jana limekataa leo. Maurice Wilkes, aliyeongoza kazi ya kuunda kompyuta ya EDSAC katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1949, alikuja kusimulia kwamba siku moja akiwa ngazini ilimdhihirikia kuwa sehemu kubwa ya umri wake uliobaki angeitumia kutafuta makosa katika programu zake mwenyewe. Hali ndiyo hiyo mpaka hivi leo.

Wamarekani huliita kosa la programu “mdudu”. Neno hilo kwa maana ya hitilafu ya mtambo ni la kale. Edison alilitumia katika karne ya 19. Lakini tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa Harvard waliokuwa wakiendesha mtambo uitwao Mark II walimkuta nondo wa kweli, yule mdudu wa usiku apendaye taa, amenaswa ndani ya mtambo. Wakambandika katika daftari la kazi, wakaandika kando yake kwamba huyu ndiye mdudu wa kwanza kupatikana hasa. Daftari hilo limehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian huko Marekani. Watu hukipenda kisa hiki kwa ajili ya nondo. Mimi hukipenda kwa ajili ya daftari. Mtu aliyerekebisha mtambo asiandike alichokiona hana la kumpa atakayekuja baada yake.

Jambo la kwanza ambalo ningependa lieleweke ni hili: kompyuta haina hila wala huruma. Hutenda lile lililoandikwa, si lile lililokusudiwa. Kwa hiyo mtu akisema, “Kompyuta imekosea,” aghalabu maana yake ni kwamba mahali fulani pana mtu aliyeandika jambo moja huku moyoni akikusudia jingine, na kazi yetu ni kupatafuta mahali hapo. Kutafuta huko si kubahatisha. Atakayebahatisha hugeuza hapa, akageuza pale, na ikitokea programu ikakubali hajui ni lipi kati ya mageuzi yake lililoiponya, wala ni lipi lililoacha ugonjwa mwingine ndani.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa kuwa unatuhusu sote tuliomo humu.

Kijana mmoja wa mtaani petu hapa Buyenzi, fundi mwerevu ambaye jina lake nitalihifadhi, alitunga programu ya nyakati za swala kwa ajili ya simu. Aliimaliza katika Ramadhani ya mwaka 2024, iliyoingia katikati ya mwezi wa Machi. Siku kumi mfululizo aliilinganisha na jedwali lililobandikwa ukutani msikitini. Siku za mwanzo Magharibi ilitofautiana kwa dakika moja hivi, naye akasema hayo ni mambo ya kukadiria sekunde. Ilipokaribia tarehe 20 hata tofauti hiyo ikatoweka. Akaridhika, akawagawia jamaa na rafiki.

Ilipofika Desemba ya mwaka huo, wazee wanaofunga Jumatatu na Alhamisi wakaja na mashtaka. Programu ilitangaza Magharibi saa 11 na dakika 58, na jedwali la msikitini likasema saa 12 na dakika 10. Dakika kumi na mbili! Kwa mtu aliyefunga hilo si jambo dogo. Ni kuivunja funga yake mlangoni baada ya kuilinda kutwa nzima. Kijana akajitetea kwa hoja iliyoonekana nzito. “Tokeni nje mkatazame,” akasema. “Ikifika saa 11 na dakika 58 jua halionekani tena.” Wakatoka, na kweli halikuonekana.

Basi hapo pana mashahidi wawili wanaopingana, jedwali la zamani na macho ya watu, na kila mmoja ana wafuasi wake. Baadhi ya vijana walikwisha anza kusema kwamba jedwali lenyewe limezeeka. Lakini ninyi wenyeji wa Bujumbura mnalijua jua letu linakozama. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira, imesimama milima ya Congo, na jua hujificha nyuma yake kabla halijashuka chini ya upeo kwa hesabu. Shahidi wa kijana alikuwa mkweli, ila hakushuhudia jambo lililoulizwa. Ikabidi tutafute shahidi mwingine ambaye milima haimzuii.

Tulianza kwa kuuliza kosa haliko wapi. Hii ndiyo njia ya kufupisha safari. Programu yenye mistari 1,024 ukiigawa nusu kwa nusu, kila mara ukauliza kama kosa liko nusu hii au ile, utaufikia mstari wenyewe kwa maswali 10 tu; lakini ukiisoma mstari kwa mstari utachoka kabla hujafika. Tukaitazama Adhuhuri. Programu ilisema jua hufika kati saa 6 na dakika 1, na jedwali likasema vivyo hivyo. Adhuhuri hutegemea saa, tarehe, na longitudo, yaani tulivyo mashariki au magharibi. Kwa kuwa Adhuhuri ilikuwa sawa, hayo matatu yalitoka katika lawama kwa pamoja. Tukatazama kuchomoza kwa jua: programu ilikuwa nyuma kwa dakika kumi na mbili. Basi mchana wa programu ulikuwa umepunjwa asubuhi na jioni kwa kiasi kimoja, jumla yake dakika 24 hivi. Yanayoweza kuupunja mchana namna hiyo ni mawili tu: ama mwinamo wa jua umehesabiwa vibaya, ama latitudo, yaani tulivyo kaskazini au kusini mwa Ikweta.

Tukatoka uani na fimbo iliyonyoka ya mita moja. Tukaisimamisha kwa timazi, kama mwashi asimamishavyo nguzo, na jua lilipofika kati tukapima kivuli chake. Kilikuwa sentimita 37. Kisha tukaiuliza programu, kwani nayo hukihesabu kivuli hicho ili ipate Alasiri. Ikajibu sentimita 51. Tofauti ya sentimita 14 haiwezi kusingiziwa milima ya Congo.

Ndipo tukaufungua ule mstari wa latitudo. Bujumbura iko kusini mwa Ikweta kwa digrii 3 na sehemu 38 za mia. Katika hesabu hizi kaskazini huandikwa tarakimu peke yake, na kusini hutanguliwa na alama ya kutoa. Alama hiyo haikuwapo. Kwa sababu ya kistari hicho kimoja, programu ilikuwa imetuhamisha kaskazini mwa Ikweta, umbali uleule tulio nao kusini, ikatuweka katika maeneo ya Watsa na Faradje huko Congo. Watu wa Buyenzi walikuwa wakiswalishwa kwa jua la Watsa.

Swali lililobaki ndilo lililonifurahisha kuliko yote: kwa nini kosa hilo halikuonekana mwezi wa Machi? Jibu ni kwamba karibu na tarehe 20 Machi jua huwa juu ya Ikweta, na siku hizo mchana wa kaskazini na mchana wa kusini huwa sawa. Kijana hakupima vibaya. Alipima katika wiki ambayo kosa lake lilikuwa limelala. Angeiuliza programu yake habari za tarehe nne, moja ya Machi, moja ya Juni, moja ya Septemba na moja ya Desemba, kosa lingejitokeza siku hiyohiyo bila ya kungoja miezi tisa. Mwezi wa Juni lingejitokeza kinyume: Magharibi ingechelewa kwa dakika kumi na mbili badala ya kutangulia.

Na tazameni lingetufikisha wapi. Ramadhani hutangulia kila mwaka kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya Kizungu. Kwa hesabu, mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikiingia mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Siku yenyewe, bila shaka, itaamuliwa na kuandama kwa mwezi. Hapo ndipo kosa hili lingefikia kilele chake, na si Magharibi peke yake. Alfajiri nayo ingechelewa kwa kiasi hichohicho, watu wangeendelea kula daku baada ya kupambazuka na kufuturu kabla jua halijazama, mwezi mzima, kwa imani kamili juu ya simu zao. Kadhalika, mwaka huo utaziumbua programu zote zilizotungwa na watu waliofikiri kwamba kila mwaka wa Kizungu una Ramadhani moja tu na kuitengea nafasi moja. Ninyi vijana mnaotunga mambo haya, zijaribuni leo kwa tarehe za mwaka 2030.

Masheikh wetu hawataona jambo geni katika fimbo ile. Katika misikiti mikubwa ya zamani alikuwako mtu aliyeitwa muwaqqit, ambaye kazi yake ilikuwa kuzijua nyakati kwa hesabu na kwa kulitazama jua. Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya huko Damascus, na mwaka 1371 aliutengenezea mnara wake saa ya jua. Alikuwa na majedwali, na alikuwa na kivuli, akavilinganisha. Hata neno wanalolitumia Wazungu kwa mpango wa hatua za hesabu zinazofuatwa na kompyuta, algoriti, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Nayataja haya kwa ufupi tu, maana tabia ya kujisifia al-Khwarizmi huku hatujui kuandika mistari kumi ya programu sioni faida yake.

Sasa yapo mambo ambayo watu huniletea wakiyaita makosa, nami huwarudisha nayo kwa masheikh. Mtu huja na simu mbili, moja ikisema Alfajiri mapema kuliko nyingine kwa dakika 18 au 20, akaniambia, “Itengeneze hii iliyoharibika.” Hakuna iliyoharibika. Alfajiri huhesabiwa kwa kina cha jua chini ya upeo, na wanachuoni wa nchi mbalimbali wamechagua vina mbalimbali: jumuiya ya Waislamu ya Amerika ya Kaskazini hutumia digrii 15, Rabita ya Makka 18, Misri 19 na nusu. Simu moja imefuata hawa na nyingine wale. Vivyo hivyo Alasiri. Sisi Mashafii huiingiza kivuli cha kitu kinapolingana na kitu chenyewe, baada ya kuacha kile kivuli cha jua la kati. Mahanafi hungoja kiwe mara mbili. Hapa kwetu tofauti ya nyakati hizo hukaribia saa nzima au kuipita, na simu nyingine huja zimekwisha wekwa katika moja ya njia hizo bila ya mwenyewe kuulizwa. Mtunga programu anaweza kukuonyesha mahali pa kuchagua. Kukuchagulia si kazi yake, na ninamwogopa sana yule afichaye uchaguzi huo ndani ya programu na kuuita hesabu.

Niseme kidogo juu ya majaribio madogo, kwa kuwa ndiyo chuo changu cha kila siku. Ninapokuwa na shaka sipendi kuijaribu programu kubwa yote. Huandika mistari miwili au mitatu peke yake, nikauliza swali ambalo jibu lake nalijua tangu skuli. Mathalani katika hesabu za pembe, kipimo kiitwacho sini cha digrii 30 ni nusu. Iulize kompyuta sini ya 30, itakujibu kutoa 0.988. Si kwamba imerukwa na akili. Lugha nyingi za programu hupima pembe kwa radiani, wala si kwa digrii, na wewe umeitajia 30 bila ya kusema 30 za nini. Mtu aliyefanya jaribio hilo la mstari mmoja kabla ya kugusa nyakati za swala amejiepusha na wiki nzima ya adha.

Jaribio jingine ni la kuchekesha. Iambie kompyuta ijumlishe sehemu moja ya kumi na sehemu mbili za kumi. Badala ya sehemu tatu za kumi, katika lugha nyingi itakupa 0.30000000000000004. Hii ni kwa sababu huhesabu kwa sufuri na moja tu, na sehemu ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu katika hesabu hiyo, kama vile theluthi isivyoandikika kwa ukamilifu katika desimali zetu. Kiasi hicho ni kidogo mno, lakini ukiiuliza kama jumla hiyo ni sawa na 0.3 itasema si sawa, na programu ya mweka hazina itakaa ikidai deni lisilokuwapo. Kwa sababu hiyo fedha huhesabiwa kwa namba nzima. Zaka nayo, ambayo ni sehemu moja ya arobaini, ni salama zaidi ukiigawa mali kwa 40 kuliko ukiizidisha kwa desimali.

Nimegusa fedha, basi niliseme jambo la daftari la mfuko wa maziko, ambalo baadhi yenu mlilisikia kwa uvumi. Daftari la karatasi lilipohamishiwa katika jedwali la kompyuta, mama mmoja mjane aliambiwa kwamba marehemu mumewe alichelewa kulipa ada yake kwa miezi miwili. Mama yule akaapa kwamba walilipa kwa wakati, na stakabadhi anayo. Wapo waliosema stakabadhi ni ya kughushi. Hilo ni neno zito kumwambia mtu aliye edani.

Stakabadhi ilisema 5/3. Jedwali likasema tarehe 3 Mei. Kompyuta iliyotumika ilikuwa imewekwa katika desturi ya Kimarekani, ambayo hutanguliza mwezi na kufuatisha siku, kinyume cha desturi yetu. Ikaisoma tano kuwa mwezi wa tano. Lakini kosa hili lina alama yake, na mwenye kuijua hulitambua kwa kutazama tu. Tarehe 13 na zaidi haziwezi kugeuzwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Hizo kompyuta ilizikataa, ikaziacha kama maneno ya kawaida, na katika majedwali hayo maneno huegemea upande wa kushoto wa chumba chake, na tarehe za kweli huegemea kulia. Tukaishusha safu nzima kwa macho: malipo yote ya tarehe 13 hadi 31 yameegemea kushoto, na ya tarehe 1 hadi 12 yameegemea kulia. Hapo ikawa yakini kwamba si mjane peke yake aliyedhulumiwa. Kila aliyelipa katika siku 12 za mwanzo wa mwezi alikuwa amegeuziwa tarehe yake, isipokuwa wale ambao siku na mwezi vyao ni namba moja, kama 4/4. Wengine walionekana wamechelewa, na wengine walionekana wamelipa kabla ya wakati na kusifiwa bure. Daftari la karatasi halikuwa limetupwa, alhamdulillahi, na kila tarehe ikarudishwa kwa kuutazama mstari wake. Kamati ilikwenda kwa mama yule kumtaka radhi.

Tangu siku hiyo nimeshika desturi ya kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kila mahali kompyuta inapohusika. Maandishi ya namna hiyo hayasomeki kwa njia mbili.

Yaliyobaki nitayapitia mbiombio. Jina la mtu mmoja hutokea mara mbili katika orodha, na wote wawili ni Hamisi Juma wa barabara moja: mara nyingi utakuta mmoja ana nafasi tupu nyuma ya jina, isiyoonekana kwa jicho lakini kompyuta huihesabu kuwa ni herufi. Waisome kwa kuondoa nafasi za mwanzo na mwisho, utawapata kuwa mtu mmoja. Shahada za madrasa zilizotoka katika mashine herufi za Kiarabu zikiwa zimeachana na kusimama moja moja, tena zimeanzia kushoto: programu ya kupiga chapa haikujua kuziunganisha herufi, na dawa ni kutumia nyingine inayojua, si kubadili mwandiko. Majina ya Kifaransa ambayo é yake imegeuka kuwa alama mbili za ajabu: faili limeandikwa kwa utaratibu mmoja wa herufi na kusomwa kwa mwingine. Kompyuta ya zamani ambayo kila umeme ukikatika huamka ikidhani tuko miaka mingi nyuma, kisha ikakataa kufungua kurasa za intaneti kwa madai kwamba si za kuaminika: ibadilisheni ile betri ndogo iliyo kama sarafu ndani yake, maana ndiyo inayoilinda saa umeme ukiondoka. Betri hiyo ni ya bei ndogo, nami nimeona watu wakitaka kuuza kompyuta nzima kwa sababu yake.

Na saa, ndugu zangu, saa ndiyo mama wa matatizo kwetu sisi. Tumezungukwa na saa mbili za serikali: hapa, Rwanda na Uvira tuko saa mbili mbele ya saa ya dunia, na Tanzania wako saa tatu. Kigoma iko karibu chini yetu kabisa katika ramani, jua lao ni letu, lakini mshale wa saa yao umetutangulia saa nzima. Programu iliyonakiliwa kutoka Dar es Salaam bila ya kugeuzwa hilo itakuambia Adhuhuri ni saa 7. Juu ya hayo tuna saa yetu ya Kiswahili. Mwalimu wa madrasa aliandika kwamba darasa huanza saa 1 asubuhi. Kijana akaingiza 1:00 katika programu ya matangazo, na simu za wazazi zote zikalia saa 7 ya usiku. Programu ilitii.

Kwa idhini ya Kamati, ile fimbo ya mita moja pamoja na timazi vimekabidhiwa kwa muadhini. Wanafunzi wakubwa wa madrasa watapima kivuli cha jua la kati mara moja kila wiki, na kuandika katika daftari tarehe, saa, na urefu kwa sentimita. Ikitimia Februari wataliona jua likifika kati karibu na saa 6 na dakika 17, na mwanzoni mwa Novemba karibu na saa 5 na dakika 46, na watapata haki ya kuniuliza kwa nini. Programu ya yule kijana, ambayo sasa imesahihishwa na inatumika, itachapisha urefu wake kando kwa wiki hiyohiyo. Pakiwa na tofauti ya zaidi ya sentimita mbili, wataniita kabla ya ratiba ya Ramadhani kupigwa chapa.

Daftari hilo liko kwa Katibu. Mwenye simu inayopingana na saa ya msikiti anione baada ya Alasiri pale barazani, naye aje na simu yenyewe. Sasa nampisha Sheikh. Wassalamu alaykum.